Kabla Ununue Turbo, Toa Hiyo Spea: Jinsi Wasee wa Mlima Wanaweza Kupunguza Sekunde kwa Bei ya Spana

Kuna jamaa yangu wa Skuta hapa Nyeri ana Starlet. Mwaka jana alichukua loan ya sacco, akanunua kit ya turbo ya mtumba, akafunga na makanika wa jua kali kwa wiki mbili. Ndai iliwaka moto kwa siku nne. Siku ya tano geaboksi ililia kama mbuzi wa Krismasi, na hadi leo bado analipa sacco.

Kitu inauma zaidi ni hii: alikuwa anataka kuingia autocross kwa klasi ya 2WD bila turbo. Ukiweka turbo, unapandishwa klasi moja kwa moja. Yaani alitumia pesa ya kukopa kujitoa kwa klasi ambayo angeweza kuwasumbua watu, akajipeleka kwa ile ya wasee wenye magari yamejengwa kutoka chini hadi juu.

Na wakati huo wote, kwa buti ya hiyo Starlet kulikuwa na spea, jeki, subwoofer ya kuskuma Mugithi, na nusu gunia ya waru ya shosh.

So leo tuongee uzito. Hii story inahusu kila msee kutoka Karatina hadi Nanyuki mwenye ka-Vitz, ka-Starlet, Charade ama Subaru, na anaota siku moja atasimama kwa laini ya kuanza, iwe ni autocross kwa murram ama time trial ya lami kama ile Kiamburing TT ya Kiambu, mahali unakimbia peke yako na adui yako ni saa.

Kwanza elewa hewa ya kwetu. Nyeri iko kama mita 1,750 juu ya bahari. Nanyuki iko juu zaidi, kama 1,950. Ukipanda hivyo hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo inaishi kwa hewa inayovuta yenyewe. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuchomeka pia inapungua. Kwa urefu wa Nyeri, injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake. Hiyo si fundi amekudanganya. Ni mlima.

Tupige hesabu. Chukua gari ya farasi 85, kilo 900, na dere wa kilo 75 ndani. Ikiwa Mombasa, kila farasi anavuta kama kilo 11.5. Ilete Nyeri, wale farasi 85 wanabaki kama 71, na kila mmoja sasa anavuta kilo 13.7. Ukitaka hiyo gari isikie Nyeri vile ingesikia Mombasa bila kugusa injini, lazima utoe kama kilo 160. Kuzifikisha zote ni ngumu. Lakini nusu ya hapo unaweza toa wikendi moja, na spana namba 10, 12 na 14.

Kuna watu huniambia kilo 80 si kitu. Kwa mbio ya laini moja nyoofu, kilo 80 kwa hiyo gari ni kama kuongeza farasi sita tu. Nakubali, sita si wengi. Lakini autocross haina laini nyoofu. Ni kona, breki, kona, breki, vumbi, kona. Na hapo ndipo uzito hulipa mara tatu.

Fikiria msee wa mkokoteni soko la Karatina. Akiwa na magunia mawili ya kabeji anakata kona akiimba. Muongezee mawili, kuanza kusukuma ni shida, kusimamisha ni shida kubwa, na kwa kona mzigo unataka kuenda na njia yake. Tairi zako ziko hivyo hivyo. Ukiongeza uzito, mshiko wa tairi unaongezeka pia, lakini haufuatani sawa na uzito. Ukiongeza uzito mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili. Kwa hivyo gari nyepesi inapita kona kwa spidi ya juu na tairi zile zile. Breki nazo zina joto kidogo la kumeza kila ukikanyaga, so lap ya tano bado pedali iko juu.

Na hii haikuanza jana. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari Rally ka-gari kanaitwa Vivio. Injini ya cc 658. Ndogo kuliko ya pikipiki kadhaa unazojua. Uzito kikitoka kiwandani, kama kilo 700. Colin McRae alikuwa mmoja wa madereva na hakumaliza. Patrick Njiru wetu alimaliza, nafasi ya 12 kwa jumla, kwa rally ambayo ilikuwa inavunja magari makubwa kila mwaka. Mwaka uliofuata akamaliza wa nne na Impreza. Wazee waliosimama kando ya barabara Pasaka wakingoja Safari ipite huku kwetu wanajua vile matope ya kuzunguka Mlima Kenya yalikuwa yanafanyia magari. Ukiwa mwepesi, angalau watu wanne wanakusukuma unatoka.

Sasa tuingie kwa gari yako.

Anza na vitu ambavyo si vya gari. Waru za shosh. Chupa za maji. Ile subwoofer na sanduku lake inaweza kuwa kilo 15 hadi 20, na najua unaipenda, lakini kama unataka nganya, jenga nganya. Spea ya rimu ya chuma ni kama kilo 15. Jeki na spana zake, kilo tatu ama nne. Hizi zote unatoa ukifika uwanjani, unaacha chini ya mti na mtu wa kuziangalia, ukimaliza unarudisha. Hapo tayari umetoa kilo 40 na hujakata kitu.

Halafu petroli. Lita moja ni kama kilo 0.74, kumaanisha lita 40 ni kilo 30. Kwa lap chache za dakika mbili mbili unahitaji lita ngapi? Usiweke kidogo hadi pampu ivute hewa kwa kona, hiyo inaweza kuua injini. Lakini ful tanki ni ya kuenda Nairobi.

Kiti cha nyuma, na cushion zake, ni kati ya kilo 15 na 20 kwa gari nyingi ndogo. Bolti nne, wakati mwingine sita. Kapeti na zile mati za kuzuia kelele zinaweza kuongeza zingine kumi na kitu. Ukitoa hizo utasikia kila kijiwe, na hiyo kelele itakufanya uhisi unaenda kasi kuliko saa inavyosema. Usiamini masikio.

AC ya Vitz, na kompresa, mabomba na redieta yake, inakaribia kilo 15. Msee, uko Nyeri. Asubuhi unavaa jaketi mbili. AC ni ya nini? Lakini toa vizuri. Gesi iondolewe na fundi mwenye mashine, usipasue bomba na nyundo, na ukumbuke mkanda wa injini utahitaji saizi nyingine.

Kiti cha dere cha kawaida kinaweza kufika kilo 15 hadi 20. Baketi nzuri ni 6 hadi 8. Hapo unapata faida mbili, kwa sababu inakushika na unaacha kujishikilia kwa usukani kwa kona. Lakini baketi feki ya kununua mtandaoni, ile inapinda ukiisukuma na mkono, ni afadhali ubaki na kiti cha Toyota.

Rimu ndio mahali wasee wa hapa wanajidanganya zaidi. Mtu ananunua rimu 17 za Subaru kubwa anaweka kwa Starlet juu zinang'aa. Uzito unaozunguka ni mbaya kuliko uzito uliokaa, sababu injini lazima iusukume mbele na pia iuzungushe. Kilo moja pale ukingoni mwa gurudumu inaweza kufanya injini ihisi kama kilo mbili ukichomoka. Tena shoki zinashindwa kuifuata barabara, gurudumu zito linaruka juu ya mashimo badala ya kuyafuata. Rimu ndogo, nyepesi, tairi poa. Hazipendezi kwa picha. Saa haina macho.

Na matope! Hii hakuna kitabu cha Ulaya kitakuambia. Udongo mwekundu wa Othaya ukikauka chini ya gari na ndani ya fenda ni kilo kadhaa, na ukikwama ndani ya rimu gurudumu linaanza kutetemeka unadhani ni alainmenti. Osha chini. Leta pesa ya kaawashi kabla ya pesa ya turbo.

Kuna kilo zingine ziko juu ya kiti. Mimi mwenyewe nikiacha chapo za jioni natoa kilo tano bila spana. Tuendelee.

Sasa hapa ndio nataka usome mos mos. Yule jamaa wa Skuta, baada ya kuuza turbo kwa hasara, alinisikiza akatoa kila kitu ya nyuma. Spea, kiti, kapeti, plastiki zote. Hakugusa mbele. Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele, na injini na geaboksi ziko mbele, so tayari mbele ni nzito. Alipotoa za nyuma pekee, nyuma ikabaki kama kipepeo. Siku ya kujaribu, kwa uwanja wa mtu huko njia ya Mweiga, alifika kona kwa spidi, akakanyaga breki, nyuma ikanyanyuka na kuamua kutangulia. Alizunguka mara mbili akasimama mita moja kutoka kwa fensi ya seng'enge. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa nimesimama upande huo wa fensi, na nilirudi nyuma hatua kumi bila kuambiwa.

Dawa yake haikuwa kurudisha uzito. Tulihamisha betri, kilo 12 hivi, kutoka mbele hadi buti, ikafungwa na bracket ya chuma na waya mnene wenye fyuzi. Halafu tukarekebisha springi. Ukitoa uzito, springi zilezile zinainua gari, unakaa juu kama matatu ya Nyahururu, na kila pembe ya gurudumu inabadilika. Baada ya kutoa kilo 50 na zaidi, fanya alainmenti upya na ujaribu kupunguza presha ya tairi kidogo kidogo, ukiandika kila namba.

Kuna vitu hutoi. Vile vyuma vilivyo ndani ya milango, hivyo ndivyo vinasimama kati ya mbavu zako na mti. Usitoboe chasi mashimo ati ni ya wepesi. Usitoe mikanda, wala breki za nyuma (nimesikia mtu akipendekeza, na alikuwa hajalewa). Airbag ina kilipuzi ndani, usiifungue na bisibisi. Na ukifika mahali umetoa kila kitu ndani, weka rolikeji. Itakurudishia kilo 30 ama 40. Ziache zirudi. Wakaguzi wa mashindano chini ya KMSF hawatakuuliza kama ulikuwa na haraka, watakuuliza helmeti iko wapi na hizo bolti zimeshikilia nini.

Na kama hiyo ndai ndiyo unaenda nayo job Jumatatu, rudisha spea, jeki na laifseva. Barabara ya Kiganjo saa tatu usiku si time trial. Kuna ng'ombe, kuna boda bila taa, kuna mtoto wa mtu anatoka duka. Gari iliyotolewa uzito kwa uwanja inabadilika tabia kwa lami yenye maji, na utagundua hiyo mahali pabaya.

Utajuaje imesaidia? Pima. Kila kitu ukitoa, weka kwa mizani. Ile ya kupimia kahawa kwa fakitori inatosha, ukiuliza vizuri msimu ukiwa umeisha. Gari nzima unaweza kupeleka kwa mizani ya malori, kabla na baada. Halafu tafuta uwanja uliofungwa, weka koni, kimbia lap tano na saa ya simu, mtu mmoja akishika muda na si wewe. Tupa ya haraka zaidi na ya polepole zaidi, chukua wastani wa tatu zilizobaki. Badilisha kitu kimoja tu, rudia. Ukibadilisha vitu vinne siku moja hutajua ni gani ilisaidia.

Jamaa wa Skuta tulimpima hivyo. Lap yake ilikuwa kama sekunde 64 kabla ya kugusa kitu. Baada ya kilo 85 kutoka, betri nyuma na alainmenti, ilikuwa 61 na kitu. Jumla alitumia pesa ya fundi wa springi, waya wa betri, na soda za wasee waliobeba. Kiti cha nyuma cha Starlet sasa ni kochi kwa bedsita yake. Ukimtembelea ndio unakalishwa hapo, na mkanda bado uko, kama unataka kujifunga.