Marekani: Kwa nini vipindi vya vicheko vya usiku vinazimika kwenye televisheni

Kwa zaidi ya miaka 70, Wamarekani wengi walizoea kumaliza siku yao kwa kicheko. Taarifa ya habari ya usiku ikiisha, hawakuzima televisheni. Walingoja mtangazaji aliyevaa koti na tai atoke nyuma ya pazia, atanie habari za siku na wakubwa wa nchi, kisha akae kwenye meza yake na kukaribisha wageni: mwimbaji, mcheza filamu, hata mwanasiasa anayetafuta kura. Leo desturi hiyo inaisha, kipindi kimoja kisha kingine.

Habari iliyoshtua wengi ilitoka tarehe 17 mwezi wa saba mwaka 2025. Kampuni ya CBS ilitangaza kwamba kipindi chake The Late Show, kilichoongozwa na Stephen Colbert, kingefungwa mwezi wa tano mwaka 2026. Hakuna mtu atakayerithi kiti chake. Kipindi chenyewe, kilichoanzishwa na David Letterman mwaka 1993, kinafutwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba kipindi hicho hakikuwa kimeshindwa na wenzake. Kati ya vipindi vya saa hiyo kwenye chaneli tatu kubwa za nchi, ndicho kilichoongoza, kikiwa na watazamaji karibu milioni 2.4 kila usiku. Mwezi wa tisa mwaka huo, kilipata hata zawadi ya Emmy ya kipindi bora cha mazungumzo.

Kwa nini basi kampuni ifunge kipindi kinachoongoza? Wamarekani wengine wanasema ni pesa, wengine wanasema ni siasa. Ukifuata mambo yalivyopita, utaona kwamba hayo mawili yanashikana.

Zamani chaneli zilikuwa tatu tu

Kipindi kilichofungua njia ni The Tonight Show cha NBC, kilichoanza mwaka 1954 na Steve Allen. Aliyekipa nguvu zaidi ni Johnny Carson, aliyekiongoza miaka 30, tangu 1962 hadi 1992. Usiku wake wa mwisho ulitazamwa na watu karibu milioni 50.

Wakati huo familia nyingi zilikuwa na chaneli tatu kubwa za kuchagua: NBC, CBS na ABC. Mchekeshaji kijana akialikwa na Carson na watu wakacheka, kazi yake ilifunguka. Wanasiasa nao walielewa haraka. Mwezi wa sita mwaka 1992, Bill Clinton alipiga saksofoni katika kipindi cha Arsenio Hall, na miezi mitano baadaye akachaguliwa kuwa rais. Mwaka 2003, Arnold Schwarzenegger alitangaza kugombea ugavana wa California akiwa ameketi na Jay Leno kwenye The Tonight Show.

Kwa kampuni, saa hiyo ilikuwa shamba lenye rutuba. Watu wengi walikuwa macho mbele ya chaneli moja, na wafanyabiashara walilipa vizuri ili matangazo yao yaonekane.

Pesa zimehama

Shamba hilo limekauka. Mwaka 2018, matangazo ya biashara katika vipindi vya usiku vya chaneli kubwa yaliingiza dola milioni 439. Mwaka 2024 yaliingiza dola milioni 220. Yaani nusu ya pesa ilipotea ndani ya miaka sita. Wakati huohuo gharama zilibaki kubwa: waandishi wa utani, bendi ya muziki, mafundi, na ukumbi katikati ya mji wa New York. Kipindi cha Colbert peke yake kilikuwa na wafanyakazi karibu 200. Vyombo vya habari vya Marekani viliandika kwamba kilikuwa kikipata hasara ya dola milioni 40 kwa mwaka.

Watazamaji wenyewe wamehamia kwenye intaneti. Mwezi wa tano mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, Wamarekani walitumia muda mwingi zaidi kutazama video za intaneti kwenye televisheni zao kuliko chaneli za antena na za kebo zikiwekwa pamoja. Kijana hangoji tena saa tano na dakika 35 za usiku ili acheke. Asubuhi anafungua YouTube, anatazama dakika tano zilizo tamu, kisha anaendelea na mambo yake. Dakika hizo zinaweza kutazamwa na mamilioni ya watu, lakini pesa zinazorudi ni kidogo kuliko zile za matangazo ya televisheni.

Sisi huku tunaijua njia hiyo vizuri. Colbert alipoanza kule New York, Goma na Bukavu kulikuwa kumekaribia kucha au kumekucha. Aliyewahi kumwona huku, mara nyingi alimwona kwenye simu, kwa vipande vifupi, kufuatana na mega alizobakiza.

Kwa hiyo kufungwa kwa The Late Show hakukuanza ghafla. Mwaka 2023, James Corden aliondoka CBS, na kipindi cha bei ndogo kilichochukua saa yake kikaisha mwaka 2025. Mwaka 2024, NBC iliondoa bendi katika kipindi cha Seth Meyers, na Jimmy Fallon akabaki na vipindi vipya vinne kwa juma badala ya vitano.

Mahali siasa inapoingia

CBS ilisema uamuzi wake ulitokana na pesa tu. Lakini tarehe ziliwapa watu mashaka. Mwanzoni mwa mwezi wa saba 2025, Paramount, yenye kumiliki CBS, ilikubali kulipa dola milioni 16 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na Rais Donald Trump juu ya mahojiano ya Kamala Harris. Wakati huo Paramount ilikuwa ikingoja ruhusa ya serikali ili iungane na kampuni ya Skydance. Colbert alisimama mbele ya watazamaji na kuyaita malipo hayo rushwa. Siku tatu baadaye, kufungwa kwa kipindi chake kukatangazwa. Juma lililofuata, ruhusa ikatoka. Trump hakuficha furaha yake.

Mwezi wa tisa ikawa zamu ya Jimmy Kimmel wa ABC. Kisha kusema maneno juu ya kuuawa kwa Charlie Kirk, mkubwa wa tume ya mawasiliano ya serikali, Brendan Carr, alitishia hadharani kuchukua hatua. Nexstar na Sinclair, kampuni zinazomiliki vituo vingi vya mikoani, zilikataa kukirusha kipindi hicho. Nexstar nayo ilikuwa ikihitaji ruhusa ya tume hiyo ili inunue kampuni nyingine. ABC ilikisimamisha kipindi tarehe 17. Wasanii zaidi ya 400 walitia sahihi barua ya kupinga, na watazamaji wengi walitishia kuacha kulipia huduma za Disney, wenye chaneli hiyo. Tarehe 23 Kimmel alirudi.

Hapo ndipo pesa na siasa zinakutana. Miaka ya Carson, kampuni ilikuwa na sababu nzuri ya kumlinda mchekeshaji wake, kwa kuwa alijaza sanduku. Leo anayekula pesa kuliko anazoleta ni rahisi kuachwa, hasa siku bwana mkubwa anapokasirika na kampuni inangoja sahihi yake.

Kicheko kinaendelea, lakini kila mtu na chake

Utani wenyewe haujafa. Conan O'Brien, aliyefanya kazi hiyo karibu miaka 30, sasa anajulikana kwa podikasti yake. Greg Gutfeld wa Fox News, anayependwa na upande wa Trump, ana watazamaji karibu milioni 3. Trump mwenyewe, katika kampeni ya 2024, alikaa karibu saa tatu kwenye podikasti ya Joe Rogan.

Hata Trevor Noah wa Afrika Kusini, aliyeongoza The Daily Show tangu 2015 hadi 2022 na kuwafanya Waafrika wengi waone mmoja wao akiwatania wakubwa wa Marekani, aliacha meza hiyo kwa hiari yake.

Kinachopotea ni ule mkusanyiko wa kila usiku. Mtu wa chama hiki na mtu wa chama kile walikuwa wakisikia utani mmoja, saa moja, na kesho yake wakauzungumza kazini. Kwenye simu, kila mmoja anapewa anachokipenda tayari, na rais anayetaniwa anaweza kutaniwa mahali ambapo wafuasi wake hawafiki kamwe.

Kwa sasa mikataba ya Fallon na Meyers inafika mwaka 2028, na ya Kimmel imeongezwa hadi mwezi wa tano 2027. Hao watatu ndio wanaobaki kwenye chaneli kubwa baada ya taa za ukumbi wa Colbert kuzimwa, na kila mmoja anajua tarehe ambayo mwajiri wake atakaa tena kupiga hesabu.