Shukrani za Kizamani za Kiingereza: Maana, Matumizi na Funzo kwa Mtahiniwa wa Fasihi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Viktoria hushukuru kwa lugha tatu. Nyumbani husema erokamano, katika somo la Kiswahili huandika asante, na ofisini husikia "thank you". Aghalabu huyachukulia maneno haya kuwa kitu kimoja. Athari yake hujitokeza katika Karatasi ya Fasihi (102/3): mhusika akishukuru tu, mtahiniwa huandika kuwa "ana shukrani" na kusonga mbele, hata pale ambapo mhusika huyo anakejeli, anaamrisha au anaficha kisu.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kila usemi wa shukrani una uhusiano unaoutaja kati ya mtenda wema na mtendewa. Semi za kizamani za Kiingereza zinafaa kwa kazi hii kwa sababu uhusiano huo bado unaonekana ndani yake. Isitoshe, semi hizo zimo katika tamthilia za Shakespeare ambazo Kiswahili kinazo: Julius K. Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka wa 1963, akatoa toleo lililorekebishwa na Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969, na S. S. Mushi akatoa Makbeth mwaka wa 1968.

Kila lugha na mwelekeo wake

Asante linatokana na Kiarabu ahsanta, yaani "umefanya vyema". Basi anayesema asante anamsifu mtenda. "Thank" ya Kiingereza ina asili moja na "think", yaani kufikiri: anayeshukuru anaahidi kuuweka wema moyoni. Erokamano ya Kijaluo imejengwa kwa ero na kamano, na kamano maana yake ni "hivyo". Hapa mtendewa anakiri kuwa jambo limekuwa jinsi lilivyopaswa kuwa.

Vilevile, Kijaluo hutofautisha idadi: mmoja huambiwa erokamano, wengi huambiwa erouru kamano. Kiswahili nacho kina asante na asanteni. Kiingereza hakitofautishi. Mtahiniwa anayeandika hotuba na kuuambia umati "asante" amefuata Kiingereza, ilhali lugha yake ya nyumbani ingemwelekeza sawasawa. Mwalimu asione haya kuitumia lugha hiyo kama daraja.

Semi za kizamani

(a) "Gramercy". Neno hili liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya shukrani kubwa. Katika Mabepari wa Venisi ya Kiingereza, Bassanio hulitumia kumjibu mzee fukara aliyemwombea baraka. Ni shukrani ya bwana kwa mtu wa chini: fupi, ya adabu, isiyomfunga msemaji. Mwalimu mwenye nakala zote mbili awaulize wanafunzi: je, tafsiri imeuhifadhi umbali huo wa kitabaka?

(b) "God yield you". Maana yake ni "Mungu akulipe". Usemi huu uko karibu mno na Mungu akulipe na Mola akujazi za Kiswahili, na haupo mbali na Nyasaye ogwedhi, "Mungu akubariki", ya Kijaluo. Msemaji anakiri kuwa malipo yanamshinda, hivyo anamkabidhi Mungu deni lake. Katika Macbeth, Mfalme Duncan anapowasili kwenye ngome ya mwenyeji wake, kwa mzaha wa upole anamfundisha mke wa Macbeth kumwomba Mungu amlipe mgeni kwa usumbufu aliouleta, maana usumbufu huo umeletwa na upendo. Usiku huohuo mgeni anauawa. Shukrani imetajwa na asiyejua linalomngoja, mbele ya anayejua. Hiyo ni kinaya ya kidrama.

(c) "Beholden" na "much obliged". Hizi ni shukrani za deni. "Obliged" inatokana na Kilatini, kitenzi chenye maana ya kufunga. Aliyetendewa wema amefungwa kwa mtenda. Kiswahili husema nina deni kwako au fadhila zako sitazisahau. Katika Julius Caesar, Antony anapopanda kuhutubia, anauambia umati kuwa kwa ajili ya Brutus ana deni kwao. Raia mmoja anashuku na kuonya kwamba afadhali asimseme Brutus vibaya. Hotuba inapokwisha, umati uleule unakimbia kwenda kuchoma nyumba za Brutus na wenzake. Mtahiniwa atakayesema Antony "ana shukrani" amekosa kiini cha onyesho zima. Shukrani ile ni mlango wa kuingilia masikioni mwa watu.

(d) "I should be obliged if you would..." Umbo ni la shukrani, kazi yake ni amri. Kiswahili kina mwenzake: "Nitashukuru ukinipisha." Mhusika mwenye cheo akisema hivyo, asomwe kuwa anatoa agizo.

Muhuri wa barua

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, ofisi za serikali ya kikoloni zikakua hapo, na pamoja nazo ukaja mtindo wa barua za Kiingereza uliofungwa kwa "your obedient servant", yaani "mtumishi wako mtiifu". Hata afisa mkubwa alijiita hivyo akimwandikia mdogo wake. Ulikuwa muhuri wa adabu tu. Athari ya mtindo huo imo katika Wako mtiifu na Wako mwaminifu za barua zetu rasmi. Kwa hiyo, barua ikijitokeza ndani ya riwaya, mtahiniwa asidai kuwa mwandishi wake ni mnyenyekevu kwa sababu ya hitimisho hilo pekee. Atafute ushahidi katika mwili wa barua.

Jinsi ya kujibu

Mhusika anaposhukuru, mtahiniwa ajiulize maswali manne:

1. Nani anamshukuru nani, na nani ana uwezo zaidi?
2. Usemi unataja nini: sifa, kumbukumbu, deni au malipo ya Mungu?
3. Je, wema unaoshukuriwa umetendeka kweli?
4. Baada ya shukrani, msemaji anatenda nini?

Tuchukue mfano wa sokoni. Mnunuzi wa ngege pale Dunga akiongezewa samaki mmoja na kusema "Asante, mama", amemsifu muuzaji, na mambo yameishia hapo. Akisema "Mungu akulipe, mama", ameonyesha kuwa kile kidogo kwake ni kikubwa. Huenda nyumbani hakuna kitu. Akipunjwa mizani na kusema "Asante sana, mama", anamsuta. Samaki ni walewale, lakini sifa za msemaji zimebadilika mara tatu.

Hitimisho

Wahenga walisema: Tenda wema nenda zako. Mtenda wema anaweza kwenda zake asingoje shukrani. Msomaji wa fasihi hana ruhusa hiyo. Hana budi kubaki aisikilize shukrani, kwa kuwa mara nyingi ndimo mhusika anamojifichua. Mtahiniwa asiandike tu kuwa mhusika ameshukuru; aeleze ameshukuru vipi, kwa nani na kwa nini, kisha athibitishe kwa tukio.

Zoezi

Chagua pahali pawili katika kitabu teule chochote ambapo mhusika anashukuru. Linganisha uhusiano unaojitokeza, na ueleze kama kuna kinaya.