Neno "Malka" na Ramani za Bonde la Tana

Ramani ya topografia huweza kusomwa kama matini: ina alama, ina majina, na ina mambo isiyoyataja. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja lisilotajwa na ramani za bonde la chini la Mto Tana, ambako Wapokomo hulima mpunga na migomba kandokando ya mto, nao Waorma huteremsha mifugo yao mtoni wakati wa kiangazi.

Katika ramani ya kipimio cha 1:50,000, sentimita moja ya karatasi huwakilisha mita 500 za ardhi, na kontua kwa kawaida hupishana kwa mita 20. Lakini bonde hili ni tambarare. Tofauti ya mita moja au mbili ndiyo inayoamua ni shamba lipi litakalofikiwa na mafuriko, na tofauti hiyo haipati mstari wowote. Isitoshe, mto wenyewe huhama, ukaacha vidimbwi mahali ulipopita zamani.

Njia ya mifugo ipitayo kati ya mashamba hadi majini huitwa malka. Neno hili si la Kipokomo, ambacho ni lugha ya Kibantu iliyo katika kundi la Kisabaki pamoja na Kiswahili na Kimijikenda. Asili yake ni Kioromo, lugha ya Kikushi iliyo na uhusiano wa karibu na Kiorma, na maana yake ya msingi ni kivuko. Hupatikana katika jina la Malka Mari, kwenye Mto Daua huko Mandera, na la Melka Kunture, kwenye Mto Awash nchini Ethiopia.

Msomaji wa ramani huliona neno hili kama jina tu la mahali. Kwa wakazi wa Tana, hata hivyo, ni nomino ya kawaida inayobeba pia haki ya kupita. Mapigano ya mwaka 2012 hadi 2013 katika delta ya Tana, yaliyoua watu zaidi ya 100, yalikuwa na sababu kadhaa, na ugomvi wa maji, malisho na mashamba ulikuwa miongoni mwazo.

Kwa hiyo, kukusanya majina ya ramani bila fasili zake hakutoshi. Inafaa kila malka iorodheshwe pamoja na maelezo ya wakulima na ya wafugaji, kila upande kwa lugha yake, na pale maelezo hayo yanapohitilafiana, hitilafu hiyo nayo iandikwe.