Santuri ya Uso Unaopiga Mayowe

Mpenzi msomaji, hebu tazama jalada la santuri hii: uso mwekundu, macho yamemtoka mtu, kinywa wazi anapiga mayowe. Upande wa mbele hakuna jina la bendi wala la santuri. Bendi changa, santuri ya kwanza, na hata jina hawaandiki! Si ajabu hiyo?

Bendi hiyo ya Uingereza iliitwa King Crimson, na santuri yenyewe, In the Court of the Crimson King, ilitoka tarehe 10 Oktoba 1969. Robert Fripp alipiga gita. Greg Lake aliimba na kupiga besi. Michael Giles alishika ngoma. Naye Ian McDonald alipiga filimbi, saksafoni na vinanda. Wa tano, Peter Sinfield, hakupiga chombo chochote. Kazi yake ilikuwa kutunga maneno ya nyimbo.

Muziki wao huitwa roki progresivu. Wimbo wa roki wa miaka ile aghalabu ulikuwa mfupi, wa dakika tatu hivi, beti na kiitikio basi. Hawa walirefusha nyimbo, wakatia jazi na sauti za okestra. Okestra yenyewe waliitoa wapi? Kwenye kinanda kiitwacho melotroni. Kila kitufe chake kina ukanda uliorekodiwa sauti ya fidla au chombo kingine. Ukibonyeza, ukanda unapita na sauti inatoka. Baada ya sekunde nane hivi ukanda umekwisha, kwa hivyo sharti uinue kidole, ubonyeze tena.

Santuri nayo ina masharti yake. Sauti imechongwa katika mstari mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na sindano huufuata. Sahani kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na upande mmoja huchukua dakika ishirini na kitu. Ukijaza zaidi, mistari hubanana na sauti hufifia. Kwa hivyo nyimbo hapa ni tano tu. Upande wa kwanza una tatu: wa kwanza ni kishindo kitupu, wa pili ni filimbi ya upole, wa tatu ni huzuni. Kisha kimya. Unainuka, unageuza sahani. Upande wa pili una nyimbo mbili, na ule wa mwisho ndio ulioipa santuri jina. Mpangilio huo ni sehemu ya utunzi, na anayerukaruka hapati uhondo wote.

Waama, kizuri hakikosi mnunuzi, kwani santuri ilifika nafasi ya 5 Uingereza. Lakini kundi halikudumu. Desemba 1969, wakiwa ziarani Marekani, McDonald na Giles waliamua kuondoka. Mwaka wa 1970 Lake naye akaenda zake. Barry Godber, mtaalamu wa kompyuta aliyechora lile jalada, alifariki Februari 1970 akiwa na miaka 24 tu. Fripp ndiye aliyebaki na jina la bendi.

Ndugu msomaji, vijana wale walikaa pamoja mwaka mmoja tu, wakaacha kazi inayosikilizwa hadi leo. Sisi wanachama nasi tutatawanyika baada ya kidato cha nne. Tulicho nacho mkononi sasa, tukifanye vizuri.