Historia ya Marekani Ianzie Rosterman

Mwanafunzi wa Kakamega anapofunzwa historia ya Marekani, aghalabu hukabidhiwa msururu wa miaka: 1776 uhuru ulitangazwa, 1863 Lincoln alitangaza ukombozi wa watumwa, 1969 binadamu alitua mwezini. Huikariri, huijaza katika karatasi ya mtihani, kisha huisahau. Simlaumu. Miaka hiyo haijafungamanishwa na lolote alijualo.

Napendekeza kwa walimu wenzangu tuingie kwa mlango wa dhahabu. Hapa mjini pana mtaa wa Rosterman, jina lililoachwa na mgodi uliofungwa mwaka 1952. Mwanafunzi hulitaja kila siku bila kuuliza lilikotoka. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aligundua dhahabu Kakamega, na Wazungu kwa mamia wakamiminika kuitafuta. Ardhi ilikuwa ya Waluhya. Isitoshe, mwaka mmoja tu kabla yake serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria kwamba ardhi zilizotengewa Waafrika zingebaki zao milele. Kipande kikitwaliwa, baraza la wenyeji lishauriwe na ardhi nyingine itolewe badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa: ardhi ya badala haikuwa lazima tena, fedha zilitosha. Sisi wanaisimu hushughulika sana na maana za maneno. Hapa neno "milele" lilidumu miaka miwili.

Sasa mwalimu na amvushe mwanafunzi bahari. Mwaka 1868, huko Fort Laramie, serikali ya Marekani ilitia saini mkataba na Wasioux, wenyeji wa nyanda za kati, ikiwaachia milima ya Black Hills waitumie bila kuingiliwa. Ardhi hiyo isingeweza kutolewa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ulioongozwa na Custer ukaleta habari za dhahabu, na wachimbaji wakafurika. Wasioux hawakukubali; mwaka 1876, kando ya mto Little Bighorn, wao na washirika wao walilishinda jeshi la Custer na kumwua. Hata hivyo, mwaka 1877 Bunge la Marekani liliitwaa milima, ingawa saini zilizopatikana hazikukaribia robo tatu. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua walipwe fidia, zaidi ya dola milioni 100. Hadi leo hawajazichukua. Wanadai milima yao.

Tofauti zisifichwe. Dhahabu ya Kakamega ilipopungua, wageni wengi waliondoka. Wa Black Hills walibaki.

Hapo ndipo mwanafunzi arudishwe kwenye hati ya 1776. Atagundua kwamba maandishi yale yale yanayotangaza usawa wa watu wote huwaita wenyeji wa Marekani washenzi. Kisha darasa liulizwe swali ambalo huko Isulu na Bushiangala, panapozungumzwa dhahabu tena, wazazi wao wanalijua vyema: mtu anayehamishwa kwao alipwe fedha au ardhi, na ni nani mwenye haki ya kuamua?