Mtoto wa Mfanyakazi, Chuo Kikuu na Nauli ya Kuvuka Mpaka

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tuliishia darasa la saba, lakini watoto wetu sasa wamo katika vyuo vikuu, na si hapa Uganda tu. Wako Nairobi, Eldoret, Dar es Salaam na Kigali, na wenzao wa Kenya na Tanzania wako hapa Makerere. Habari ya karo inajulikana na kila mzazi. Lisilosemwa sana ni nauli. Mtoto huenda na kurudi mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila safari inakula mshahara wa mzazi. Katika matawi ninayotembelea, hasa ya madereva wa mpakani, swali hili huletwa kila likizo zinapokaribia. Basi leo nalijibu kwa maandishi.

Kwanza tukumbuke ilivyokuwa. Toka mwaka 1963 hadi 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Aliyetaka udaktari alikuja Makerere, sheria ilifundishwa Dar es Salaam, na uhandisi Nairobi. Kwa hiyo vijana hawakuwa na budi kusafiri, na reli na meli zote zilikuwa za shirika moja. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961, ikazunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Kijana aliingia daraja la tatu na mkoba wake akafika. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mabehewa na meli vikagawanywa kama mali ya marehemu, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, lakini gari moshi la abiria la kutoka nchi hadi nchi halikurudi pamoja nayo. Mwanafunzi amebaki na basi.

Sasa hati, maana asiye na hati sawasawa hulipa nauli mara mbili. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango ule, kwa hiyo anayepita Mutukula au Namanga awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Hati ya muda inamfaa mtu wa safari moja. Mwanafunzi wa miaka mitatu achukue pasipoti, ndiyo rahisi mwishowe. Kibali cha masomo akifuate kwa kupitia ofisi ya chuo, asimpe fedha kishoka yeyote wa barabarani.

Halafu kuna kadi ya manjano, yaani ya chanjo ya homa ya manjano. Wapo watu mpakani wanaowaambia vijana kwamba kadi ya miaka kumi imekufa, na kwamba wanaweza kuwasaidia kwa kitu kidogo. Ni uongo. Tangu Julai 2016 sheria ya afya ya kimataifa inasema chanjo moja ni ya maisha, hata kama kadi yenyewe iliandikwa zamani. Kijana aseme hivyo kwa adabu, na asimame pale pale.

Juu ya basi nina neno moja kubwa. Kampala hadi Nairobi ni kama kilomita 650, na mabasi mengi hukimbia usiku. Wanafunzi hupenda usiku kwa sababu wanaokoa fedha ya kulala. Sawa. Lakini tujue nauli ya chini kupita kiasi inatoka wapi. Mara nyingi inatoka katika usingizi wa dereva. Tajiri anapunguza nauli, kisha anampeleka dereva mmoja usiku kucha na kumgeuza asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwanafunzi aulize: madereva ni wangapi? Akiambiwa mmoja, atafute basi jingine, hata likizidi kidogo. Abiria wakiuliza swali hilo kila siku, wanatusaidia kuliko barua kumi za chama.

Njia za kupunguza bila kuuza roho ya mtu zipo. Wanafunzi kumi na watano wa chuo kimoja wakienda pamoja kwa karani wa basi, wakataja siku na kulipa kwa pamoja, watasikilizwa. Mmoja mmoja hawasikilizwi. Wasafiri kabla ya wiki ya Krismasi, maana wiki ile nauli hupanda hovyo. Au wakate safari vipande: taksi mchana hadi Busia, kuvuka kwa miguu, kisha matatu hadi Kisumu na kulala kwa mwenzao. (Pale Busia ndiko jina la bodaboda lilikotoka, watu walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka.) Wafanye hesabu za njia zote mbili kabla, kwa kuwa vipande navyo huongezeka. Fedha ya kubadili mpakani iwe ya nauli na chakula tu, wahesabu noti wenyewe kwa mkono wao. Chapati na mayai wafunge kutoka Kampala. Chakula cha kituo cha basi ni ghali na tumbo halikiamini.

Sasa lori, na hapa ndipo chama kinapoguswa. Malori mengi huleta mizigo kutoka Mombasa na kurudi matupu. Kiti kipo, na dereva ambaye posho yake haitoshi humchukua mwanafunzi kwa nusu ya nauli ya basi. Simlaumu, najua posho ile. Lakini lori la mizigo halina bima ya abiria. Likipinduka, mtoto hatalipwa hata senti. Na dereva akikamatwa na mtu kabini, kazi imekwisha. Katika tawi letu moja mwanachama alipoteza kazi ya miaka 11 kwa ajili ya wanafunzi wawili aliowapakia Malaba kwenda Eldoret. Tulimtetea tukashindwa, kwa kuwa sahihi yake ilikuwa juu ya karatasi ya kukataza abiria. Baba wa mmoja wa wanafunzi wale alikuwa amekaa katika mkutano ule ule, mwanachama kama yeye, ameinamisha kichwa. Magari ya mafuta ndiyo yasiguswe kabisa. Na msichana peke yake kabini usiku, sisemi zaidi. Hata faida yenyewe si ya hakika: mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, madereva walikaa foleni ya Malaba siku kadhaa.

Ziwani, meli ya Victoria ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, kati ya Bukoba na Mwanza. Anayetoka Kampala hupitia Masaka na Mutukula kwa gari hadi Bukoba. Aulize siku ya meli kwanza. Jambo moja asilisahau. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, imejaa kupita kiasi, wakafa watu mamia. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Hivyo jamaa za watu wa tiketi rahisi walibaki wakihesabu wenyewe ni nani hakurudi. Mwanafunzi adai jina lake liandikwe, na atume nyumbani picha ya tiketi kwa simu kabla ya kupanda.

Hatua inayofuata ni yetu. Tunao wanachama Busia, Malaba, Mutukula na Katuna, wenye nyumba na wake zao. Mtoto wa mwanachama aliyefika usiku angeweza kulala huko, akavuka asubuhi, badala ya kulala juu ya mzigo wake stendi. Makatibu wa matawi hayo wakusanye majina ya walio tayari, nyumba moja moja, na idadi ya vitanda, wayapeleke makao makuu kabla ya likizo ya Desemba. Wazazi nao waandike mtoto anasoma wapi na hupita mpaka upi.