Shimoni: Bandari ya kutembea kwa miguu

Kama kila ukija Pwani ya Kusini unaishia Diani, safari hii songa mbele. Pale Ukunda panda matatu ya Lunga Lunga, shuka njia panda ya Shimoni, kisha chukua boda mpaka barabara iishie baharini. Hapo sasa ni miguu yako.

Anzia pangoni, shimo lililoupa mji jina. Wazee husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi ya Zanzibar. Mwache anayekutembeza amalize kusimulia kabla hujatoa simu. Selfi za kuchekacheka zina mahali pake, na si hapa.

Ukitoka, teremka gatini uwaone wavuvi, halafu vuka kwa mashua hadi kisiwa cha Wasini. Huko hakuna gari hata moja! Kwenye bustani ya matumbawe utapita juu ya njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa kijiji. Kiingilio ni jasho lao, kwa hivyo usibishane bei. Vaa kiheshima, na salamu kwanza.

Diani itakupa picha. Shimoni itakupa la kuwasimulia wenzako.